Kipimajoto Kilikuwa Mkononi Mwangu

Igoma, Mwanza
Jumanne jioni

Koku, mama,

Salamu nazikata fupi, maana uko hapo uani, nasikia unamcheka mama yako jinsi anavyofunga ndizi kwa kamba kama anafunga mbuzi wa mnadani. Asubuhi tumeamkiana, ukasema shikamoo baba, nikasema marahaba, ukaweka mkono kifuani kama kawaida yako siku hizi. Begi lako liko mlangoni tangu saa nane mchana. Nimelizunguka mara nne. Mara ya tano nikaona afadhali niingie huku chumbani, nikachukua daftari la karakana, nikaketi.

Mambo ya chandarua, dawa ya maji na kutolala na jiko la mkaa ndani, mama yako ameshayasema, na wewe umeshaitikia "ndiyo mama" hadi mwenyewe amechoka. Mimi huko siongezi neno. Nina jambo moja tu. Nimekaa nalo mwaka na nusu, kama chembe ya chuma iliyoingia jichoni wakati wa kusaga: ukifumba jicho inakwaruza, ukifumbua inakwaruza.

Niliposikia umemwomba Mchungaji akupeleke kule ng'ambo ya kivuko cha Busisi, nilifurahi. Najua habari za kanisa la mtaa ule. Wazee wao waliugua, mwinjilisti wao akaondoka, wakafunga mlango wa kanisa, na tangu hapo kila mmoja anasali kwake. Jumapili hii wanarudi kuabudu pamoja, na mwinjilisti mpya atakayesimama mlangoni ni wewe. Nilijigamba karakana nzima. Niliwaambia mafundi, binti yangu anakwenda kufungua kanisa, ninyi wenu wanafungua nini, soda?

Kisha mama yako akanisimulia ulivyomjibu alipokuuliza kwa nini usingoje nafasi hapa hapa mjini. Ulimwambia, "Huko sina bibi wa kumuua."

Nilikuwa nakula. Tonge nikalirudisha sahanini. Mama yako aliona machozi, akadhani nakuonea huruma. Huruma nilikuwa nayo, lakini si hiyo iliyoniliza. Nililia kwa sababu mzigo uliojitwika ni wangu, na nimekuangalia ukiubeba siku zote hizi nikiwa nimekaa kimya kama sioni.

Sasa ngoja nianze mwanzo, maana nikiruka ruka nitajipendelea.

Ulikuwa bado chuoni usharika wetu uliposimamisha ibada za pamoja kwa hofu ya ule ugonjwa wa kifua. Hapa nyumbani tukawa tunasali sebuleni, mimi, mama yako na Bibi. Mama yangu yule, unamjua! Jumapili asubuhi anaoga, anavaa kitenge chake cha maua, viatu, pochi kwapani, kitabu cha nyimbo mkononi, kisha anatembea hatua sita kutoka chumbani hadi kwenye kochi na kukaa kama ametoka mbali. Tukimaliza, anakwenda kusimama mlangoni na kutunyooshea mkono. Sisi wawili tu! Kwake ibada isiyokuwa na mstari wa mikono haijaisha.

Wewe umekulia kwenye mstari ule, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza alivyouona yeye. Tunatoka tukiimba, wa kwanza anampa mkono Mchungaji na kusimama ubavuni pake, wa pili anawapa mkono wote wawili na kusimama, hivyo hivyo hadi wa mwisho, na mstari ukiisha kila mtu amemshika kila mtu. Bibi alisema pale ndipo anapojua nani hakuja. "Mkono usioupata, mfuate mwenyewe," ndivyo alivyokuwa akisema. Mchana wake wa Jumapili ulikuwa ni huo, kutembea na fimbo yake Igoma nzima akitafuta mikono iliyopungua.

Basi baraza la wazee likaamua turudi kanisani. Kukaundwa kamati ya kurudisha ibada, nikawa mwenyekiti. Loh, ungeniona! Walimpa futi mtu ambaye tangu azaliwe anapenda kupima. Nilipima mabenchi yote, nikaweka alama za rangi: nyekundu usikae, kijani kaa. Nikatengeneza ile stendi ya kunawia ya kanyagio, unakanyaga huku maji yanatoka, unakanyaga kule sabuni inatoka, hakuna kushika koki. Ya kwanza haikusimama, nikaileta nyumbani; ya pili niliichomelea mara tatu hadi ikasimama vizuri. Madirisha ya upande wa barabara nilikuwa nimeyaziba mimi mwenyewe kwa mabati na nondo, mwaka ule walipotuibia vipaza sauti; nikayakata yote ili upepo upite. Nikagawa ibada ziwe mbili. Nikagombana na mwalimu wa kwaya hadi akaninunia, kwa sababu alitaka watu arobaini nikamwachia kumi na wawili, tena waimbe wakiwa nje. Vijana wakanipa jina, Bwana Futi. Nikipita wanasema, "Kaeni mbali mbali, Bwana Futi anakuja." Nilijifanya nimekasirika. Kusema kweli nililipenda.

Nilichokata kingine ni ule mstari. Watu wataweka mkono kifuani, watainama, basi. Nilipomweleza Bibi, aliniuliza, "Sasa nitajuaje nani hayupo?"

"Utahesabu kwa macho, mama."

"Macho yenyewe yako wapi?" Akacheka, maana yalikuwa yamemwingia ukungu yote mawili. Lakini alikubali. Nataka ukumbuke hilo, alikubali.

Na kuna sheria moja niliyoiandika kwa mkono wangu, kwa rangi nyeusi, nikaitundika mlangoni: MWENYE HOMA ABAKI NYUMBANI. MUNGU YUPO HATA NYUMBANI. Watu waliisifu. Muuguzi mmoja wa usharika akatuazima kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, akanikabidhi mimi.

Wewe ulifika Alhamisi, siku tatu kabla ya Jumapili ya kurudi kanisani, na kikohozi chako. Ulisema ni vumbi la safari, lakini hukujiamini. Ulivaa barakoa humu ndani, ukala peke yako chumbani dirisha likiwa wazi, Bibi ukamwamkia ukiwa mlangoni. Jumapili ukasema hutakwenda. Hakuna aliyekuambia.

Wewe uliyekuwa na kikohozi ulibaki nyumbani. Mimi niliyekuwa na homa nilikwenda.

Hapo nimesimama, nimetoka, nimekunywa maji, nimerudi. Mama yako ameniuliza naandika nini, nimemwambia napiga hesabu ya mabomba. Unaona? Hata leo.

Homa ilianza Jumamosi. Mwili ulinivunjika, nikasema ni kazi, wiki nzima nimeinama nikikata yale mabati. Alfajiri nikaamka natetemeka. Nikameza vidonge viwili vya homa, nikavaa koti la kahawia. Mama yako akaniuliza koti la nini na joto lote hili. Nikamjibu mwenyekiti lazima aonekane. Nikafika kanisani kabla ya watu, maana ufunguo nilikuwa nao mimi peke yangu, nikaingia kwenye kile chumba cha Mchungaji. Nikajielekezea kile kifaa. Thelathini na nane na kitu. Nikakifuta kwa shati, nikajielekezea tena. Hakikubadilika. Unajua nilijiambia nini? Kwamba kimepigwa na jua. Nje jua lilikuwa ndio kwanza linachomoza.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikurudi kitandani. Kumpigia simu mzee mwenzangu aje achukue ufunguo ilikuwa kazi ya dakika moja. Jibu ni dogo, na linaniaibisha kuliko kama lingekuwa kubwa. Nilitaka kuonekana. Wiki nzima nimewaamuru watu, nimepaka rangi, nimechomelea, leo wanakuja kukanyaga kanyagio langu, halafu mimi niwe nimelala na blanketi? Na nilikuwa na woga pia, kwamba wakisikia mwenyekiti mwenyewe anaumwa, watasema si tuliwaambia, na mlango utafungwa tena kabla haujafunguka. Huo woga niliupa jina zuri, nikauita kulitunza kanisa.

Watu wakaja. Nikasimama mlangoni kama askari wa benki. Kila paji la uso nikalielekezea. Akafika Mama Kulwa, yule muuza dagaa wa sokoni Mkuyuni ambaye hukaa mtaa wa nyuma, na mtoto wake mdogo mgongoni. Mama hana homa, mtoto wa moto. Alikuwa bado anakanyaga maji, povu mikononi. Nikapaza sauti, "Rudi nyumbani! Hujasoma bango? Mnataka kutuua?"

Watu wote wakageuka. Yule mama akasuuza mikono taratibu, akamkaza mtoto mgongoni, akaondoka akipita ukingoni mwa barabara. Na waliokuwa kwenye foleni wakaniangalia kwa heshima. Huyu mzee hana mchezo, walisema.

Mimi nani angenipima? Kipimajoto kilikuwa mkononi mwangu.

Ibada ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Upepo ulipita kwenye madirisha, kwaya ikaimba nje, watu wakalia. Bibi nilimkalisha mbele, pembeni mwa dirisha, kiti nilichokichagua kwa kupima, na nikapanga wazee watoke mwisho ili wasibanane na watu. Tulipotoka tukiimba, watu wakasimama uwanjani mbali mbali, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho kamati haikukifikiria: hawajui waipeleke wapi mikono. Wengine waliitia mfukoni. Mzee mmoja alishika mikono yake mwenyewe, akawa anaitikisa.

Bibi akatoka wa mwisho kabisa na fimbo yake. Mimi niko mlangoni. Akasimama mbele yangu, akaweka mkono kifuani, akainama, vile vile nilivyomfundisha. Sikiliza vizuri, Koku: hakuninyooshea mkono. Alitii. Mimi ndiye niliyenyoosha wangu. Nilimwona amevaa kitenge chake, ametembea kwenda kanisani kweli kweli baada ya wiki zote zile za hatua sita, moyo ukanizidi. Nikavunja sheria yangu kwa mkono wangu wenye homa yangu. Akaupokea kwa mikono yake miwili, akacheka, kisha kwa mikono ile ile akajifuta machozi.

"Mkono wako wa moto, Bwana Futi," akaniambia. Hata yeye alikuwa analijua lile jina.

Nikamjibu, "Ni jua, mama."

Jumatano akaanza kukohoa. Yaliyofuata sikusimulii, uliyaona kuliko mimi, wewe ndiye uliyemshika mgongo usiku akitafuta pumzi. Mimi siku zile nilikuwa nimelala chumba cha pili, nikawaambia ni malaria, nikameza dawa ya malaria bila kupima. Alipofariki, kwenye karatasi waliandika shida ya kupumua. Hakuna aliyeuliza zaidi. Wakati ule hatukuwa tunaulizana.

Nani aliuleta ugonjwa ndani ya nyumba hii? Sijui. Labda mimi. Labda wewe, sitaki kukudanganya kwa kukupaka mafuta. Labda mama anayetuuzia maziwa, labda mtu wa kwaya. Hakuna aliyepimwa, na Mungu hajaniambia. Lakini najua nani alijificha ili asimguse, na najua nani alimshika mkono huku anajua ana homa.

Sasa nafika pale ninapopaogopa. Siku ya pili ya msiba, watu wamekaa uani kwenye mikeka, shangazi yako kutoka Bukoba akasema, tena si kwa kunong'ona, "Huyu mtoto ndiye aliyekuja na kikohozi. Hawa watoto wa vyuo." Wewe ulikuwa umesimama na chupa ya chai. Hukumtazama shangazi. Ulinitazama mimi. Nilikuwa mlangoni, hatua tatu kutoka ulipo. Ulinitazama muda mrefu, ukingoja baba yako aseme neno.

Nikainama nikafunga kamba za viatu.

Nilikuwa nimevaa ndala, Koku. Sijui kama uliona. Nadhani uliona. Nilichezesha vidole vyangu miguuni pale hadi niliposikia umeondoka, umeenda kummiminia mtu mwingine chai.

Tangu siku ile hujampa mtu mkono. Watu wamerudi kwenye mstari kidogo kidogo, wewe unatokea mlango wa pembeni. Wazee wakija hapa nyumbani unakaa kizingitini, unaongea nao kutoka huko. Umechanjwa, nimechanjwa, mama yako amechanjwa, bado unamkabidhi chakula kwa kukiweka mezani na kurudi nyuma. Watu wanasema binti wa Bwana Futi ana nidhamu. Mimi najua si nidhamu.

Nilijaribu kuutua mzigo huu mahali pengine. Miezi michache iliyopita nikaenda Mkuyuni kumtafuta Mama Kulwa nimwombe radhi. Nikamkuta anapepeta dagaa, akanipa kigoda, hakuacha kupepeta. Nikasema nilikosea kumrudisha.

"Kunirudisha hukukosea, mzee," akasema. "Mtoto alikuwa na homa kweli. Kosa lako ni sauti. Ungeniita pembeni ungenikuta mtu mzima, ningeondoka mwenyewe. Halafu mchana ungekuja kuniona. Nilikaa wiki tatu, hakuna mkono uliokuja. Bibi ndiye angekuja, na Bibi mwenyewe ndio hivyo."

Hapo nikashindwa kujizuia, nikamweleza habari ya homa yangu, kifaa, mkono wa Bibi, chai, ndala, kila kitu. Wewe ungedhani atanilaani au atanibariki. Aliweka ungo chini, akaniangalia, akasema, "Sasa mbona unaniambia mimi? Mimi ndiye Koku?"

Nikarudi nyumbani na kilo mbili za dagaa nisizozihitaji. Ni miezi minne sasa. Kila Jumapili nimesema Jumapili hii.

Jumapili yako wewe utasimama mlangoni mwa watu usiowajua. Orodha ya mambo ya kufanya sikupi, orodha nilikuwa nayo mimi, nzuri, ya rangi mbili. Madirisha utafungua, maji utaweka, hayo unayajua kunishinda. Ninachokijua kuliko wewe ni kile kilichokuwa nyuma ya bango. Mimi niliandika mwenye homa abaki nyumbani, lakini sikumwekea mtu yeyote njia ya kubaki nyumbani bila aibu, hata mimi mwenyewe. Kwa hiyo atakayesimama mlangoni, hata awe wewe, apimwe kwanza na mtu mwingine, watu wakiona. Na ufunguo wawe nao watu wawili, ili yule anayeumwa asijione kanisa litakufa akilala. Utakayemrudisha, mwite pembeni. Halafu ibada ikiisha mfuate. Simama nje ya dirisha lake, imba naye ubeti mmoja, mweleze nani alikuja na nani alilala wakati wa mahubiri. Akijua utafika, hatakuficha homa yake. Sina uhakika na mambo mengi, lakini na hili nina uhakika, kwa sababu mimi niliificha nikijua hakuna atakayefika.

Na wale bibi wa huko, usiwaogope. Nasema hivi nikijua sina haki ya kukuambia usiogope. Kuna siku za kukaa mbali na kuna siku za kusogea, na mtu anayejua tofauti ni yule aliyejipima kwa ukweli. Wewe ulijipima kwa ukweli kuliko sisi sote. Ulimpenda bibi yako ukiwa mlangoni. Mimi nilimpenda kwa kujionyesha.

Nimesimama tena. Ngoja.

Nimerudi. Nilidhani nitaingiza barua hii ndani ya begi, chini ya kitenge, uisome ukiwa kwenye kivuko ukitazama zile nguzo za daraja linalojengwa, mimi nikiwa huku salama na maji yote yale katikati yetu. Nilikuwa nimeshaikunja. Mama yako akanikuta nimeinama kwenye begi, akauliza mabomba yanafanya nini kwenye nguo za mtoto. Nikakaa chini pale pale sakafuni, nikamwambia. Wewe ulikuwa umetoka kwenda kuaga kwa jirani.

Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alisema, "Lile koti nililiona." Mara mbili, hivyo hivyo, "Lile koti nililiona." Halafu akasema, "Na mtoto amekuwa anakula mlangoni." Akalia hadi nikashindwa kumsogelea. Aliponyamaza aliniambia nimpigie dada yangu simu sasa hivi, si kesho. Nikampigia. Nikamwambia shangazi yako kwamba siku ile mwenye homa nilikuwa mimi, na alipokunyooshea wewe kidole mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Akasema, "Kaka, umeniacha nimtukane mtoto mwenye jina la mama." Akakata mwenyewe. Atakupigia, mpokelee au usimpokelee, shauri yako.

Kisha nikamwonyesha mama yako barua, akasema, "Begini haiingii. Utampa mkononi, na utakaa hapo hapo anaposoma." Nikasema nitashindwa. Akasema, "Utashindwa ukiwa umekaa."

Kwa hiyo hivi unavyosoma mimi niko hapa nje mlangoni, kwenye benchi, karibu na ile stendi ya kwanza ya kanyagio iliyonishinda kuisimamisha vizuri. Sitakuita. Sikuombi unisamehe leo ili nilale. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, basi la alfajiri utapanda, na mimi nitabaki baba yako na nitastahili. Ninachotaka ni kimoja tu, usivuke maji yale ukiamini ulimuua bibi yako. Ukinikasirikia mimi, hasira itaisha au haitaisha, lakini itakuwa imekaa mahali pake.

Ukimaliza kusoma, ukitaka, toka kwa mlango wa mbele. Nitakuwa nimenyoosha mkono. Unaweza kuupita, hakuna atakayekusema.

Kipimajoto kama kile tumekununulia cha kwako, kiko mfuko wa pembeni wa begi. Mama yako amekitoa kwanza akanipima, hapa uani, mbele ya majirani. Sina homa.

Baba yako